Nyuzi Zilizogeuzwa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Barking, mashariki mwa London, alikuwa Mkuba. Kwa miaka arobaini alipiga tres, gitaa dogo la kwao lenye nyuzi sita zilizopangwa mbilimbili, katika kumbi za Havana na baadaye za London. Kiharusi kilipompoozesha mkono wa kushoto, kampuni yetu ya kuhudumia wagonjwa majumbani ikanituma kwake kila asubuhi kumwogesha, kumvisha na kumlisha.

Siku moja alikuja bibi wa tiba ya viungo kumtathmini. Akamwuliza angependa mkono upone ili afanye nini. Apige tres, akajibu. Bibi akatabasamu, akasema burudani baadaye, tuanze na vifungo vya shati. Mzee akageukia ukutani. Nilikuwa na sponji mkononi, maji yananichuruzika hadi kiwikoni, nikatamani kumrushia. Eti burudani. Kazi iliyosomesha watoto wake watatu.

Bibi alipotoka, mzee akaniambia kwa Kiingereza kibovu kama changu, "Mkono wa kulia mzima. Zigeuze nyuzi."

Sikuwahi kushika gitaa maishani. Akanielekeza, nikazifungua moja moja na kuzifunga kwa mpangilio wa kinyume, hadi uzi ukanikata kidole. Bega lake la kushoto lilikuwa bado linasogea, kwa hiyo nikamfunga kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi kwa bendeji kwenye kile kiganja kilicholegea. Mkono wa kulia ukaanza kujifunza kubana nyuzi, kazi ambayo haukuwahi kuifanya. Sauti ilikuwa mbaya mno. Akasema tena kesho.

Baada ya wiki sita jirani akalalamika. Meneja akaniita, akasema kuchezea gitaa hakumo kwenye mpango wa huduma. Nikamwambia mzee ameoga, amevaa, amekula, sasa kosa liko wapi? Akanihamishia kwa mgonjwa mwingine, Stratford.

Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nikaenda kwa mzee kwa hiari yangu. Kea mpya, mhudumu aliyechukua nafasi yangu, alikuwa ameweka tres juu ya kabati ili lisianguke. Siku tisa mzee alikuwa akilitazama tu kutoka kitini. Nililishusha kwa hasira, fundo la bendeji likanishinda mara mbili. Mzee akapiga wimbo mzima, polepole, na kila alipokosea alitoa maneno ya Kihispania ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

"Unakuja tena, binti?"

"Kila Jumapili, babu."

Ninakwenda hadi leo. Meneja akijua, na ajue.