Mimi na Paka ya Bokilo, Tumbo Moja

Kama munataka kucheka, muchekeni sasa, juu mimi nilishazoea, na hata leo nikipita mu mutaa ya Mudzipela wako watu wananyosha kidole na kusema "njo ule", na mimi naongeza mwendo kama mutu mwenye anachelewa kazi. Hii haya ya kuchekwa nilipatia kwa bokilo, kwa wakwe zangu, siku yenye tulienda kujionyesha kwa wazazi wa Furaha, muchumba yangu.

Furaha ni infirmière, anatunza wagonjwa, na kwao ni watu wa ng'ombe tangu bababu. Siye kwetu Mahagi, kando ya ziwa, tulikomea kwa samaki, maziwa tuliona tu mu chai ya wengine (na mimi, hata ile kidogo ya chai, tumbo inaanza kulia). Furaha hakujua. Wakati yote ya kuchumbiana nilikuwa namwambia napendaka chai nyeusi juu ya utamu yake. Mwanaume aseme anashindwa na kitu yenye watoto wanakunywa? Niliona haya.

Basi tukafika mchana, mimi na baba mudogo Pascal, mwenye alikuwa musemaji yetu. Mbele ya kuingia akanikamata shati: "Kijana, kitu yote watakupa, pokea. Bokilo hawakataliwaki." Tukaingia, tukakaa ku kanape, na Mama Furaha akakuya na kikombe kubwa ya maziwa, ameishika na mikono mbili.

"Mukwe, hii ilitoka ku ng'ombe zetu za Bogoro leo asubui. Tulikuwekea weye peke yako."

Wandugu, pale njo ningesema, Mama, asante, lakini tumbo yangu haipatanaki na maziwa. Maneno fupi tu! Kinywa yangu ikasema: "Ee Mama, hii njo napendaka sana!"

Nikakunywa nusu. Akafurahi, akaongeza mpaka juu.

Papa Furaha akasema tuombe kwanza. Wote wakafunga macho, na ule muzee akiomba hasahau mutu, akaanzia ku ng'ombe, akapita ku wagonjwa, akafika ku wale wako mu safari ku barabara ya Gety, na mimi macho wazi, naangalia ile kikombe, na paka yao ikakuya kujipangusa ku muguu yangu. Kila mutu anajua paka inapenda maziwa, hapana? Nikashusha kikombe chini. Ikalamba yote mbele ya amina. Nikajiona mwenye akili.

Akili gani! Baba mudogo alisimama kutoa hotuba (na akishika neno, haachilie), na mule ndani yangu mambo ikaanza. Kwanza kidogo, sawa maji inachemuka mbali. Nikapandisha muguu ya kuume juu ya kushoto, nikabadilisha, nikasogea, nikakaza mukaba, nikalegeza, jasho ya baridi inashuka mu mugongo, na Furaha ananiangalia na jicho ya kuuliza. Mara tumbo ikalia, ngurumo ya kweli, mpaka baba mudogo akakata hotuba akatazama dirisha: "Mvua inakuya, nitafupisha." Hakufupisha.

Nilikuwa nahesabia kwa macho hatua za kufika ku mulango wakati paka ikatoka chini ya meza, ikiyumba. Ikatapika juu ya kitenge yenye tulileta kwa Mama. Alafu ikaharisha papo hapo, juu ya kitenge ileile.

Mama Furaha akaona kikombe chini, akaona maziwa ku masharubu ya paka, akapiga kelele: "Sumu! Paka imekunywa maziwa ya mukwe! Sumu!"

Huku kwetu neno ya sumu si muchezo, familia zinaachana juu yake. Baba mudogo akaruka: "Mulitaka kuua mutoto yetu?" Papa Furaha naye akasimama: "Maziwa ilitoka mu mikono ya bibi yangu! Muulize mutoto yenu aliweka nini ndani!" Majirani wakajaa ku mulango. Wote wakanigeukia, neno moja tu ya kweli ingewatuliza, na mimi siwezi kufungua kinywa, juu nikifungua ya juu, ya chini nayo itafunguka.

Nikakimbia. Nikapita majirani, nikapita kuku, nikaingia mu choo ya nyuma ya nyumba, na watu wananifuata wakilia, "Anakufa! Anakufa!" Wengine, "Anatoroka!" Njo nikapiga kelele nikiwa ndani, na sauti yangu yote:

"Hakuna sumu! Ni maziwa tu! Mimi siwezaki maziwa! Nilipatia paka!"

Njo nikasikia Furaha, karibu na bati ya mulango, anaelezea watu na sauti yake ya kazi: "Mutu anazaliwa na nguvu ya kusaga maziwa. Wengi wakikomaa, ile nguvu inapunguka. Na paka ni vilevile, mukubwa akikunywa mingi anaharisha. Fianse yangu na paka, tumbo ni moja." Mutaa nzima ikaanguka na kicheko. Baba mudogo pia, nilimusikia.

Nilikaa mule ndani zaidi ya haja. Nilipotoka, Papa Furaha peke yake hakucheka. Akanipa maji ya kunawa, akasema pole pole:

"Maziwa si shida. Hata dada yangu hawezaki. Lakini weye unaogopa kutuambia tumbo yako inauma. Siku nyumba yenu itauma, utaambia nani?"

Nikanawa tena mikono yenye ilishatakata. Mama naye, chozi mu jicho: "Nilikuongezea juu ulisema unapenda."

Walituita tena nyuma ya siku kidogo, na leo Furaha ni bibi yangu. Lakini nimeapa. Nikiingia nyumba ya watu, hata sijakaa, nasema: maziwa hapana, tumbo inakataa. Wanacheka, wanaleta maji, inaisha. Haya ya kusema inapita mbio. Ile yenye nilificha, Mudzipela nzima iliisikia ikitokea mu choo.