Sauti ya Bure

Mdogo wangu hajui kukaa. Tangu utotoni tulimwita Sisimizi, na jina likamganda hadi leo ana ndevu na mke. Akila, anazunguka meza. Akipigiwa simu, atatoka sebuleni, apite jikoni, atokee uani, na wewe uliyebaki kwenye kochi utaambulia mazungumzo vipande vipande. Mke wake, wifi yangu, ni nesi, na aliwahi kuniambia kwamba wagonjwa wa wodini kwake wana utulivu kuliko mume wake. Sikumbishia.

Programu aliyoitengeneza ilitokana na macho ya Baba. Baba alikuwa fundi saa, na presha ya macho ilimnyang'anya kazi kidogo kidogo: kwanza mishale ya saa za kike, kisha skrubu, mwisho sura zetu. Simu alikuwa nayo, lakini kwake ilikuwa kipande cha kioo tu. Programu za kumsomea mtu kwa sauti zilikuwapo, ila Kiswahili chake kilikuwa kichekesho. Zikifika kwenye neno "ng'ombe" ungedhani kuna mtu anakabwa. Sisimizi akaudhika, na yeye akiudhika hutengeneza kitu.

Toleo lake la kwanza lilikuwa na sauti ya mashine tupu. Baba akaipa jina, akaiita Bati. Ndipo nikafuatwa mimi, maana kazi yangu ni kutangaza kwenye kituo cha mabasi. Mimi ndiye ninayewaambia abiria wasogee mlangoni na wachunge mizigo yao. "Dada, nipe sauti yako," akaniambia. Nikampa. Kila nikitoka kazini nilijifungia kwenye kabati la nguo la nyumbani kwake, katikati ya makoti ya wifi na mablanketi ili kelele za nje zisiingie, nikisoma sentensi zisizo na kichwa wala miguu: "Ng'ombe wa shangazi ameng'ang'ania ng'ambo." Joto la mle ndani sitalisahau. Lakini siku Baba alipogusa simu, ikamsomea ujumbe kwa sauti ya bintiye, aliisogeza sikioni, akasema, "Irudie." Nimetangaza mabasi miaka nenda miaka rudi, na sijawahi kujiona wa maana kama siku ile.

Sisimizi akaiweka programu kwenye mtandao. Maandishi yake yote ya ndani, yale yanayoiendesha, aliyaacha wazi, na sauti yangu humo humo, kwa masharti mafupi kwamba yeyote aitumie, aibadilishe, aigawe. Juu kabisa, kwa zile haraka zake, akaandika: Programu hii ni bure.

Watu wakaichukua kweli kweli. Walimu wasioona, wapokea simu wa maofisini, wanafunzi wa vyuo. Baba akapata kundi la wenzake, wakawa wanatumiana ujumbe wa sauti kutwa nzima na kubishana kuhusu mpira. Matatizo yote waliyapeleka kwa Sisimizi. Simu mpya haisomi, tarakimu inaziruka, majina ya watu inayavuruga. Kila mmoja alianza na shukrani na kumaliza na dai. Mdogo wangu akaacha kazi ili aihudumie programu, akakonda, akawa anaongea nawe huku jicho liko kwenye kioo. Shukrani zilikuwa tele, na kodi ya nyumba ikawa inalipwa na wifi peke yake.

Jumapili moja yeye na wifi wakaja kwa Baba, ambako ndiko ninakoishi na mimi, na Sisimizi akatutangazia uamuzi wake. Bati atabaki wa bure. Sauti yangu itakuwa ya kulipia.

"Sauti yangu?" nikasema. "Umeniuliza?"

"Si ulinipa, Dada?"

"Nilikupa uigawe. Sikukupa uiuze."

"Masharti hayakatazi kuuza, kayasome. Programu ni huru, na huru si bure. Huru maana yake hakuna aliyekufunga mikono. Unaweza kuifungua, ukaichungulia, ukaitengeneza upendavyo. Ni wapi huru imekataza bei?"

"Lakini wewe hukuandika huru," Baba akasema kutoka kitini kwake. "Uliandika bure. Nilisomewa, tena na dada yako."

Wifi akaingilia kwa upole. "Baba, na sisi tufanyeje? Huyu hapumziki. Watu wanamgombeza utadhani wamemwajiri." Nikaona ana haki. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba kila mtu mle sebuleni alikuwa na haki, na bado tulikuwa tunatazamana kwa macho mabaya.

"Kuuza sikukatazi," Baba akasema. "Mimi fundi. Lakini mimi bei nilikuwa nataja kabla sijaifungua saa. Sikumvisha mtu saa mkononi, akaizoea, ndipo nikamkamata mkono."

"Wewe hutalipa, Baba. Wewe nitakufungulia."

"Na wenzangu?"

"Watalipa kidogo tu."

"Basi mimi nirudishie Bati."

Tulidhani ni hasira za kupita. Wapi! Kufuli likawekwa, anayetaka sauti yangu akawa ananunua namba ya kuifungulia, na Baba akakaa na Bati wake kwa kichwa kigumu. Nilikuwa nikirudi kutoka kituoni nasikia tangu mlangoni ng'ombe anavyokabwa. Namuuliza kama nimsomee mimi, anasema hana shida, amezoea. Niliona wivu, wivu wa kweli, kwa mashine.

Halafu siku moja nikafungua mlango nikajisikia naongea. Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu begani, na huku niko sebuleni namsomea Baba matokeo ya mpira. Kumbe kijana mmoja wa lile kundi, mwanafunzi wa kompyuta, aliichukua programu, akaling'oa kufuli, akaigawa kwa wote. Baba wala hakuficha. Alimpigia Sisimizi mwenyewe, akamwambia aje asikie.

Akaja mbio. "Baba, huu ni wizi!"

"Kaa."

Hakukaa. Baba akagusa kioo, na sauti yangu ikaanza kumsomea mdogo wangu masharti aliyoyaandika kwa mkono wake. Unaruhusiwa kuitumia programu hii. Unaruhusiwa kuibadilisha. Unaruhusiwa kuigawa kwa yeyote. Nilitamani kuiziba mdomo, na mdomo wenyewe ni wangu. Ikaenda hivyo hivyo bila haya mpaka mstari wa mwisho, unaosema kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote.

"Sawa," Sisimizi akasema. "Kijana ana ruhusa, nimekubali. Na mimi niishi kwa nini? Hilo limeandikwa wapi?"

Baba akapapasapapasa simu kama anayelitafuta. Halikuwamo, na sote tulijua halimo. Nilimhurumia mdogo wangu mpaka nikashindwa kumtazama, nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Akaajiriwa na kampuni ya bima. Kufuli aliliondoa mwenyewe, kwa hasira, na ujumbe wa watu akaacha kuujibu. Akaanza kuvaa mashati ya kola, wifi akashusha pumzi. Baba akaendelea kusomewa na sauti yangu, akawa anatamba kwa wenzake kwamba amemshinda mwanawe. Mimi ushindi huo sikuuona. Sisimizi alikuwa akija kututembelea, anakaa ukingoni mwa kiti, anaangalia saa, anaondoka.

Kisha simu ya Baba ikajiapdeti yenyewe, na sauti ikakatika. Baba alidhani amebonyeza vibaya. Akaizima, akaiwasha, akaitikisa, akaipuliza. Waliobaki na simu za zamani wakaeleza kwamba karibu kundi zima limekuwa bubu, maana simu zimebadilika na programu haijaguswa na mtu. Yule kijana wa kufuli alijaribu, akashindwa. Kung'oa alijua, kujenga hakujua.

Nikawa namsomea Baba kwa mdomo wangu, na shukrani yake ikawa kunigombeza. "Punguza mwendo. Yule wa kwenye simu husoma vizuri kuliko wewe." Baada ya hapo hukaa akikisugua kile kioo kwa kidole gumba, uso ameuelekeza ukutani. Lile kundi lililokuwa linampigia kelele kutwa sasa alilisikia pale tu mimi nilipokuwa nyumbani kumbonyezea. Mchana mmoja nikiwa na mapumziko akaniita.

"Mpigie mdogo wako. Weka spika."

Nikapiga. Sisimizi alikuwa ofisini, nyuma yake nikasikia mashine ya kuchapa karatasi.

"Ni kiasi gani?" Baba akauliza, hata salamu hakuna.

"Kiasi gani cha nini, Baba? Sauti ni bure, kufuli nilishatoa. Ni muda tu ndio sina, huku kazini..."

"Sauti sijaiuliza. Sauti ninayo hapa, imenifia mkononi. Nakuuliza wewe. Wewe ukae chini uitunze, mwezi kwa mwezi, ikiharibika tujue wa kumwita. Ni kiasi gani? Wenzangu wamenituma, nisiwarudie mikono mitupu."

Upande wa pili akaanza kutembea. Nikasikia mlango ukifungwa na ile mashine ikipotea, nikajua ametoka nje. Alikohoa, akataja bei kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba radhi.

Baba akaisogelea simu.

"Mwanangu," akasema, "mbona kidogo hivyo?"