Zabibu na Milango Miwili ya Kompyuta

Mwanangu Zabibu alizaliwa Salale, kwenye nyumba ambayo maji yakijaa sana yalikuwa yanafika kizingitini. Shule alisomea Kibiti, kwa shangazi yake, kisha akaolewa Dar es Salaam. Ndoa haikukaa. Alirudi Kibiti na begi moja na kompyuta iliyofungwa kwenye kitenge, akapanga chumba karibu na barabara kubwa, akaanza kazi ya kuchoma CD, yaani kutoa nakala za harusi na maulidi.

Nilikuja kukaa naye baada ya baba yake kufariki. Watu niliwaambia nimekuja kumpikia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa na macho juu yake, maana alikuwa anacheka sana mbele ya wateja, na mimi kicheko chake cha kweli nakijua.

Kazi yake niliijua kwa kutazama tu. Sanduku la kompyuta lilikuwa na milango miwili ya kuingizia CD, mmoja juu na mmoja chini, imefanana kama macho, imetoka kiwanda kimoja. Zabibu alibandika plasta za kidonda: wa juu akauandika D, wa chini E. CD yenye kitu ilikaa juu, ikasomwa. Ya kuandikiwa ilikaa chini. Wateja wengi walileta zile zinazofutika, kwa sababu kwetu, tangu enzi za kanda, hatutupi. Harusi ya mwaka huu hulala juu ya ngoma ya mwaka jana. Basi Zabibu alianza kwa kuifuta ya chini, ndipo akachoma.

Kisha Nassibu, mtoto wa dada yangu, akaja kutoka mjini, akaifungua kompyuta na kuongeza diski ya pili kwa ndani, ya kutunzia nyimbo. Kesho yake harusi ya Mwanahalima ikapotea. Zabibu aliiweka juu kama kawaida, na ilipotoka ilikuwa tupu. Akamwambia Mwanahalima kuwa CD ilikuja mbovu. Mwenyewe aliamini hivyo. Mimi nilibaki na shaka.

Ndiyo maana siku ya pili yake salamu zilipokuja kutoka Salale, kwamba kwenye hitma ya marehemu wanataka sauti yake isikike, sikupata raha. Mume wangu Mfaume alikuwa msomaji wa maulidi. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilinaswa mara moja tu, kwenye harusi ya mpwa wake, na ilikuwa ndani ya CD moja, nayo ya kufutika. Shemeji yangu Mshamu angepita asubuhi kuchukua nakala, awahi boti ya Salale pale Nyamisati. CD niliishika kifuani, chini ya khanga.

Jioni jirani yetu Mzee Maneno akawasha jenereta iliyotupa umeme, na Zabibu akanyoosha mkono.

"Lete, mama."

"Ile ya Mwanahalima ilikuwaje?"

"Tumeshaongea, mama. Ilikuwa mbovu."

"Na hii ikigeuka mbovu?"

Mzee Maneno alitusikia kutoka nje. "Nyie wanawake, mnagombana kwa mafuta yangu? Ugomvi fanyeni gizani, giza ni bure!"

"Mzee Maneno, hata kucheka kwako kunakula mafuta," Zabibu akamjibu, akacheka kile kicheko kingine, cha wateja.

Nikampa. Akaiweka juu. Chini akaweka CD kuukuu ya kufutwa. Kwenye kioo kukaja orodha ya herufi, akaichagua E, ikabaki kuiamuru ifute. Mimi kioo sikisomi, nilikuwa natazama sanduku. Taa ndogo ya kijani ikapepesa, na haikuwa ya chini.

"Zabibu, ngoja!"

"Nini tena?"

"Umesema unafuta ya chini. Mbona wa juu ndiye aliyeshtuka?"

"Taa hizo huwakawaka tu, mama."

"Mwite kwanza. Mtu haingii nyumba ya watu eti kwa kuwa anaujua mlango. Anapiga hodi, asikie nani ameitika."

Akavuta pumzi kama mtu aliyechoshwa, akaiamuru kompyuta ifungue mlango wa E. Mlango wa juu ukatoka polepole, na CD ya baba yake ikiwa imelala juu yake.

Zabibu akairudia orodha kwenye kioo, akaisoma yote. Kisha akanieleza. Kompyuta haijui juu wala chini, haisomi plasta. Kila ikiwaka inawahesabu waliomo na kuwagawia herufi, na diski za ndani zinatangulia. Ile ya Nassibu ilipoingia ilichukua D. Aliyekuwa D akawa E, wa chini akasukumwa hadi F.

"Hawana majina yao wenyewe?" nikauliza.

"Wanayo, ya kiwandani, hayo hayabadiliki. Lakini hawa wawili jina lao ni moja."

Nikakumbuka nyumba ya mkwe wangu, wajukuu wawili wote Shaabani, jina la babu. Ukiita, wote wanaitika labeka. Mpaka mmoja asimame ndipo unajua umtume nani.

"Basi aliyefuta harusi ya Mwanahalima ni mimi," Zabibu akasema.

Akabandua plasta zote mbili. Toka siku hiyo hakufuta kitu bila kufungua mlango kwanza na kuona nani katoka.

Usiku ule nakala ilipokamilika tukaisikiliza. Mfaume akakohoa kabla ya kuanza, kama alivyokohoa siku zote, akaomba maji. Zabibu akainamisha kichwa kwenye meza, na mara hii hakucheka.

Asubuhi Mshamu akachukua nakala. Sisi tukaenda kwa Mwanahalima. Zabibu akamwambia yote, wamesimama uani, bila kujitetea. Mwanahalima hakupiga kelele, nami ningependa angepiga.

"Bibi yangu alicheza siku ile," akasema. "Amefariki mwezi uliopita. Hakuna sehemu nyingine mlipoihifadhi?"

"Hakuna," akasema Zabibu.

Nilikuwa nimeibeba CD ya Mfaume kifuani, kwa kuogopa kuiacha nyumbani. Nikavuta khanga nikaifunika zaidi, nisije nikaonekana nina kitu.