Shavu la Festo

Harufu ya mafuta ya karafuu inanikera mpaka leo. Wengine ikiwafikia wanakumbuka pilau, mimi naliona shavu la mdogo wangu Festo. Ilikuwa miaka ya sabini, kijijini kwetu upande wa Mpimbwe, na mama alikuwa akimpaka mafuta hayo kwenye ufizi asubuhi na jioni kwa sababu sote tuliamini ni jino. Zahanati nao waliamini ni jino, wakaling'oa, kisha wakang'oa na la jirani yake. Shavu likazidi kuvimba mpaka jicho la upande ule likaanza kusukumwa juu. Festo alikuwa mtoto wa kelele, wa kuimba hata chakula kikiwa mdomoni, na kilichotutisha kuliko uvimbe wenyewe ni kwamba alinyamaza.

Mama alimbeba, wakapanda lori la mpunga hadi Mpanda, na kutoka hapo treni ya kwenda Kaliua, Tabora na hatimaye Dar es Salaam. Huko hospitali kubwa waliambiwa ni saratani ya taya, ambayo hupenda watoto, na Festo akaanza kuchomwa sindano. Waliporudi nilikuwa nimesimama barabarani pamoja na nusu ya kijiji. Mtoto aliyeteremka kwenye lori alikuwa na nywele chache na shavu lililotulia kabisa, na alikuwa anaimba. Wanawake walipiga vigelegele. Kila mtu alitaka kumgusa pale palipokuwa na uvimbe, mpaka akachoka kuguswa. Padri alisoma misa ya shukrani, baba akachinja mbuzi, na mimi nikala nyama nikijua ugonjwa umetuondokea.

Mama peke yake hakushangilia sana. Alikuwa amerudi na maneno ya daktari, naye aliyarudia kwa yeyote aliyemsikiliza: dawa imeufukuza uvimbe lakini haijaumaliza, mtoto arudi baada ya Pasaka, arudi hata akiwa anacheza. Hayo ya mwisho watu hawakuyaelewa. Shangazi alinung'unika kwamba kumrudisha mtoto mzima hospitali ni kumwita mgonjwa kwa nguvu. Baba hakubisha, ila mpunga ulikuwa umeiva na mikono ilihitajika, basi akasema, "Nenda naye. Dada yake akusaidie kubeba." Hivyo ndivyo nilivyofika Mpanda kwa mara ya kwanza.

Tulifikia kwa mama mdogo, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli, nyumba yao ikiwa karibu na stesheni kiasi kwamba vikombe vilitetemeka mabehewa yakiunganishwa. Ningeipenda sana Mpanda kama isingekuwa ile ofisi. Sitaitaja. Hapo ndipo wagonjwa waliotumwa mbali walipata waranti, karatasi ya kusafiri kwa treni bila nauli, na bila karatasi hiyo sisi tulikuwa watu wa kuisikiliza treni ikiondoka. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Upole wake ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mkali ungeweza kumchukia ukapumua.

"Mgonjwa ni nani hapa?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ni huyu, ndugu," mama alijibu. "Wamesema arudi wakamalizie dawa."

Bwana yule alimwinua Festo kidevu, akamgeuza huku na huku. "Mama, mshukuru Mungu, mtoto huyu ni mzima. Nina wagonjwa wa kubebwa na nafasi ni chache. Uvimbe ukirudi, njooni siku hiyo hiyo nitawaandikia."

Tulirudi kesho yake, na juma lililofuata, na kila siku ya treni. Mama alieleza kwa upole, akaeleza kwa kulia, na bwana yule akamjibu maneno yale yale. Nilimtazama mama akizidi kusinyaa kila tulipotoka mlangoni, na nikajifunza hasira ambayo haina pa kwenda. Ili upewe safari ilikubidi uonekane unakufa, na ili upone ilikubidi usafiri kabla hujaonekana hivyo. Nilikuwa darasa la tatu na niliona kwamba hesabu hii haina jibu. Watu wazima wote ofisini hawakuiona.

Mama mdogo ndiye aliyetoa wazo la kitambaa. "Mfunge taya, mtie pamba ndani, ajikunje," alisema. "Nyie mnakwenda pale mmependeza kama mnakwenda kanisani." Mama alikataa kusema uongo, kisha treni nyingine ikaondoka, naye akakubali. Tulimfunga Festo kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini na kumwagiza asicheke wala asiimbe. Alijitahidi, maskini. Foleni ikawa ndefu, na bibi mmoja aliyeketi mbele yetu akamwonea huruma, akamkatia kipande cha muwa. Sikuona alipoupokea. Zamu yetu ilipofika, bwana yule alimkuta mgonjwa wetu ameshusha kitambaa shingoni, anamenya muwa kwa meno ya upande ule ule uliokuwa umevimba, na anauimbia. Ofisi nzima ilicheka. Bwana yule naye alicheka mpaka akafuta macho. Mama alimshika Festo mkono, tukaenda kutafuta lori la kurudi kijijini.

Uvimbe ulirudi kiangazi, safari hii upande wa pili na tumboni pia. Bwana yule alitimiza ahadi yake: aliandika waranti bila hata kuuliza swali, akasimama kutufungulia mlango. Mimi nilibaki kwa mama mdogo, nikaitazama treni ikipotea. Daktari wa Dar es Salaam alimuuliza mama swali moja tu, "Mama, mlikuwa wapi siku zote?" Festo alizikwa huko huko. Mama alirudi na kaptula yake na kitambaa kile, na swali la daktari alilibeba mpaka uzee wake.

Leo Mpanda, ninakoishi, ina hospitali kubwa, na bodaboda inanifikisha getini kabla sijamaliza kufunga kilemba. Nilipogundulika na saratani ya titi nilikatwa na kutibiwa Mwanza, na huko narudi kuangaliwa, safari ya basi usiku na mchana. Safari iliyopita, kijana wa dirisha la rufaa alinitazama akaniambia, "Mama, mbona uko vizuri tu? Subiri ukijisikia vibaya." Sikulia wala sikujikunja. Nilisimama pale pale, foleni ikilalamika nyuma yangu, mpaka akaandika. Mwanza daktari, binti wa umri wa wanangu, alisoma majibu akatabasamu. "Hongera mama," alisema, "umekuja kwa wakati." Machozi yalinitoka, naye akadhani ni furaha. Mama yangu naye alikuja kwa wakati.