Marsiana na Mashine ya Kutafuta Magunia

Miaka ile ya soko huria, mabasi yalizaana Sumbawanga kama panya ghalani. Kila mwenye pesa kidogo alinunua lake, akalipaka rangi, akaligombanisha na la mwenzake. Na kila basi lilibeba magunia kuliko watu.

Marsiana alishona midomo ya magunia pale stendi ya Majengo. Shazia, ile sindano nene ya magunia, mkononi, uzi wa katani begani. Maharage, ulezi, dagaa wa Kasanga. Shule hakuipata. Lakini gunia likipita mbele yake mara moja, amelishika.

Ndiyo maana Eustaki, mwenye mabasi manne, alimpa kazi ya mlango wa ofisi ya mizigo. Mteja anafika akihema.

"Mama, naulizia gunia la shemeji yangu, limetoka Laela."

"Lile la mshono wa msalaba? Nyuma ya pipa."

Imekwisha. Mteja anabeba, anaondoka. Kwa kazi ile ya mlangoni, mwanawe Modesti alisoma shule ya bweni. Kushona peke yake kusingemfikisha.

Kisha ikaja kompyuta.

Eustaki aliileta kutoka Dar es Salaam, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Akaleta na vijana wawili wa kuitungia programu: Christopha, kijana wa Chanji aliyesomea hukohuko Dar, na Debora, binti wa Mbeya asiyejua kuficha neno. Mashine iwe inatafuta mizigo.

Eustaki hakuzunguka. "Mama Modesti, hii ikiweza kazi, mlango hautahitaji mtu. Mwezi wa sita, mavuno yakianza, tunaijaribu. Ikishindwa, inarudi ilikotoka na vijana wake. Ikiweza, wewe unarudi kwenye sindano yako tu."

"Nimesikia, baba," alisema Marsiana, akavuta uzi.

Vijana walijifungia. Miezi minne. Mvua zilianza, zikaisha, wao wamo ndani wanabofya. Hawakumuuliza mtu. Baada ya Pasaka wakafungua mlango, stendi nzima ikajaa kutazama.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye baiskeli.

"Naulizia gunia la Otilia."

Christopha akabofya. Mashine ikatoa Otilia kumi na tisa. Ufipa hii, padri akibatiza watoto kumi, wawili Otilia.

"Otilia wa wapi, mzee?"

"Wa Mazwi."

Wakabaki kumi na mmoja.

"Jina la baba yake?"

"Wewe kijana! Mimi nimetumwa gunia, sikutumwa posa!"

Stendi ikaangua kicheko. Wapagazi walishikana mabega. Marsiana, pale mlangoni, hakugeuka hata kichwa. "La mshono wa zigizaga. Limetoboka kona, likazibwa kwa kitenge cha bluu. Hilo hapo mguuni kwako, mzee."

Mzee akafunga gunia lake kwenye keria ya baiskeli, akaenda zake.

Jioni Debora alikuja kuchuchumaa kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umelijuaje lile gunia?"

"Ndiyo unaniuliza leo? Miezi minne nilikuwa hapa hapa, hatua kumi."

Debora akainamisha kichwa. "Tulidhani tunajua."

"Binti, kwenu ugali mnasongaje? Mnamwaga unga wote, mnafunika, mnakwenda kulala?"

"Hapana. Unatia kidogo, unasonga, unatazama, unaongeza."

"Basi nyie mlimwaga debe zima."

Debora alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Tufundishe, mama."

Marsiana akavuta gunia jingine. Kunyamaza tu kungetosha. Mwezi wa sita ungefika, mashine ingefungwa blanketi lake, mlango ungebaki wake. Alishona magunia matatu akiwaza hayo.

Lakini mwaka uliopita alimzika mume. Siku saba hakuonekana stendi. Magunia kumi na mawili yakapotea, na kuna bibi wa Laela alilala kwenye benchi siku mbili akingoja mbegu zake. Kichwa kimoja, kikiinama kwa msiba, stendi nzima inapotea. Hilo lilimkaa.

"Kesho njoo mapema," alisema. "Na yule mwenzio aache tai nyumbani."

Wakaanza upya. Kidogo kidogo, na kila Ijumaa kitu kimoja kiwe kimekamilika. Si kukamilika kwa maneno. Mpagazi aje, ashike mashine mwenyewe, apate gunia. Asipoelewa, bado.

Kazi zote wakaziandika kwenye vipande vya boksi, wakavining'iniza kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo. Marsiana hajui kusoma, basi Debora alichora: mshono, uzi, tundu, kiraka. Mpangaji wa kamba alikuwa Marsiana. Lililo mbele ndilo la Ijumaa hii. Christopha alitaka mashine ipige wimbo ikiwashwa. Alitaka picha ya basi linalotembea. Marsiana akavichukua vipande vyake viwili, akavipeleka mwisho kabisa wa kamba, karibu na choo.

"Mama, utaniua!"

"Gunia kwanza. Utacheza muziki harusini kwako."

Asubuhi, kabla basi la Mbeya halijaondoka, walisimama wote mlangoni. Jana umefanya nini? Leo unafanya nini? Umekwama wapi? Walisimama makusudi. Upepo wa Ufipa asubuhi hauruhusu hotuba.

Kila gunia likishushwa, wakaliandika kwenye mashine kwa alama zake. Ijumaa ya kwanza mashine ikajua mshono. Ya pili, uzi. Ya tatu, kiraka. Ya nne wakaongeza uzito, wapagazi wakagoma.

"Mizani iko wapi?" waliuliza. "Tukadirie kwa mgongo?"

Wiki nzima ya kazi ikatupwa. Christopha alinuna mpaka Jumatatu. Marsiana akamletea kikombe cha togwa, akamwambia, "Hii ni wiki moja tu. Kwa mtindo wenu wa zamani ungenuna miezi minne." Akanywa, akarudi kazini.

Mwezi wa sita ukafika na baridi yake. Siku ya majaribio Eustaki alimwamuru Marsiana avuke barabara, akae mbali, mashine ijitegemee. Akavuka. Akakaa kwenye baraza la fundi baiskeli, shazia yake mkononi, macho kwenye mlango.

Akaja Ndalahwa, mfugaji wa Kisukuma anayeishi kule bondeni na ng'ombe wake. Mama yake alimtumia gunia la michembe, viazi vitamu vya kukausha, kutoka Shinyanga.

"Kwa jina gani, kaka?" aliuliza Eustaki mwenyewe.

"Hapo sijui. Mama hutaja mjukuu yeyote anayemkumbuka siku hiyo."

Eustaki akamtazama Christopha. Christopha akamgeukia mteja. "Mama hushonaje mdomo wa gunia?"

Ndalahwa akatabasamu. "Kama anasuka nywele. Uzi mweusi."

Debora akabofya. Likatoka gunia moja tu. Mstari wa tatu, chini ya dirisha. Wakaenda, wakalikuta.

Eustaki alipiga meza, stendi ikashangilia. Kisha akavuka barabara, akampa Marsiana mkono. "Asante, Mama Modesti. Kazi imekwisha."

"Haya, baba," alisema Marsiana. Akapokea mkono. Akaendelea kushona hapo hapo barazani, akihesabu ada ya Modesti ya muhula ujao, na haikufika.

Haikufika wiki tatu. Vinu vipya vikaanza kufunga unga kwenye mifuko ya salfeti, ile ya plastiki ya kufumwa, imeshonwa kwa cherehani, mshono mmoja kwa yote. Mpagazi akiuliza mashine, inatoa mifuko arobaini. Ijumaa ikaja, hakuna wa kupanga kamba.

Jumatatu asubuhi Debora aliifungua kamba na vipande vyake vyote, akavuka barabara. Christopha akafuata. Wapagazi nao, mmoja mmoja. Wakasimama barazani, mikono makwapani.

Eustaki alikuta ofisini wateja peke yao. Akavuka naye, mwendo wa hasira.

"Ofisi imehamia huku?"

"Tuko kazini, bosi," alisema Debora.

"Si mlimaliza?"

"Aliyesema tumemaliza ni wewe."

Marsiana hakuinua macho. "Mifuko ile itazameni masikioni. Kila kinu kinakunja pembe kivyake." Debora akaanza kuchora sikio la mfuko.

Eustaki alisimama, baridi ikimla. Akatazama mchoro. Akatazama wateja wake kule ng'ambo, wanapiga kelele.

"Mama Modesti, rudi mlangoni."

"Mlangoni sirudi. Mlango una mashine."

"Sasa unataka nini?"

"Kazi hii. Kupanga kamba. Mshahara uleule wa mlangoni. Na Ijumaa, wapagazi wakijaribu, hata wewe unanyamaza."

Wapagazi waliangalia juu, kila mmoja akitafuta mawingu.

"Mpaka lini?" aliuliza Eustaki.

"Mpaka watu waache kubuni mifuko."

Eustaki akacheka, akafunga koti mpaka kidevuni. "Haya. Tunaanza na lipi?"

Marsiana akamwelekeza kwa shazia. "Wewe simama pale, mwisho. Jana umefanya nini?"