Mzee Besi afa mara nne, amwonea wivu atakayerudi

Saa tatu asubuhi, na Mzee Besi amekwisha kufa mara nne.

Anakufa wima, miguuni ana soksi tu, mdomo ameukaribisha kwenye maiki. Katika runinga iliyo mbele yake, mfinyanzi mzee wa milimani amelala chini ya blanketi, mkewe amemshika mkono, na nje theluji inaanguka. Mfinyanzi anafumbua mdomo. Mzee Besi anamtolea pumzi ya mwisho, ndefu, yenye mkwaruzo.

"Umewahi," anasema fundi sauti, mama mkali anayekaa chumba cha pili na mashine zake. "Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Kufa tena, mzee."

"Mwanangu, hata Izraili humpa mtu nafasi ya kumeza mate," anajibu Mzee Besi. Anafuta jasho, maana feni huzimwa wakati wa kurekodi, kisha anakufa tena.

Hapa ndipo filamu za kigeni huvishwa sauti za Kiswahili. Kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro. Viatu ni marufuku kwa sababu hulia, bangili vilevile, na anayekuja na njaa hurudishwa nyumbani, kwani tumbo lake litanguruma hadi kwenye filamu.

Mzee Besi, mwenye umri wa miaka 61 na kifua kama pipa, ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na minane. Amekwisha kuwa mfalme, jambazi, daktari wa ng'ombe na, mara moja, farasi. Filamu moja humpa fedha za kodi ya nyumba ya miezi miwili. Filamu zisipokuja, hutengeneza redio za majirani na kunung'unika.

Zamani alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Mkewe alikuwa abiria.

"Nilikosa treni nikimsikiliza," anasema mkewe, ambaye siku hizi ndiye sauti ya kike ya studio hiyohiyo. "Alitangaza treni yangu, nikaisikia vizuri kabisa, nikabaki nimekaa. Nikasema, ngoja nisikie atakavyoitangaza ya pili."

Kwa kawaida Mzee Besi hutabasamu hadithi hiyo inaposimuliwa. Mwezi huu hatabasamu. Mwezi huu ana wivu, na hajali nani anajua.

Chanzo ni filamu hii ya mfinyanzi. Ni hadithi ya watu wa dini ya Kibudha, wanaoamini kwamba baada ya kifo kuna kuzaliwa tena. Mfinyanzi anakufa katikati ya filamu. Miaka mingi inapita, mkewe anazeeka. Siku moja mtawa kijana, kichwa kimenyolewa, bakuli mkononi, anabisha hodi kwa mjane huyo, naye anamkaribisha chai katika kikombe cha marehemu.

Kabla ya kunywa, kijana anaguna. Ni mguno uleule aliokuwa akiguna mfinyanzi kila alipoletewa chai. Mjane anamtazama, halafu anasema neno moja tu: "Umekawia." Kijana haelewi. Anakunywa, anashukuru, anakwenda zake.

"Sasa wewe niambie," Mzee Besi anamwuliza mwandishi, kidole juu. "Aliyekufa ni nani? Mfinyanzi. Aliyerudi ni nani? Mfinyanzi. Mtu ni yuleyule! Kwa nini sauti apewe mwingine?"

Huyo mwingine ni kijana wa miaka ishirini na tisa anayeitwa Kinanda kwa jinsi sauti yake inavyoteleza. Alikuwa akisoma matangazo ya sabuni redioni. Alipoitwa studio, alimwamkia Mzee Besi shikamoo kwa mikono miwili. Mzee aliitikia marahaba huku akitazama dirisha lililozibwa kwa blanketi.

"Kufa kufaana," anasema na kusonya. "Mimi nakata roho, yeye anapata ajira. Na watu wenyewe unawajua, kipya kinyemi ingawa kidonda."

Lakini kazi peke yake isingemfikisha alipofika. Kilichomchoma ni lile neno moja la mjane, kwa sababu sauti ya mjane ni ya mkewe.

Siku mkewe aliporekodi onyesho la kikombe, Mzee Besi alikuwa nje ya mlango akisubiri zamu yake. Katika studio hii kila mtu hurekodi peke yake, na sauti za wenzake huwekewa masikioni kwa hedifoni. Kwa hiyo aliyesimama mlangoni husikia upande mmoja tu. Kinanda alikuwa amerekodi maneno yake jana yake. Mzee alisikia kimya, kisha akamsikia mkewe.

"Umekawia."

"Ilitetemeka!" anasema Mzee Besi, na mwenyewe sauti inamtetemeka. "Miaka thelathini na miwili nimekaa na yule mama. Nikirudi nimechelewa huniambia 'umechelewa' kama mwenye nyumba anayedai kodi. Leo kasikia sauti ya kijana wa sabuni, eti anatetemeka!"

Mwandishi alimkumbusha kwamba kijana ni mtawa, na katika filamu nzima hamgusi mjane hata mkono.

"Sauti inamgusa," alisema. "Mimi nilimpataje yeye? Kwa mkono?"

Alinuna. Aliacha kunywa chai ya mkewe akawa anajipikia. "Ilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuza sufuria," mkewe anasema. "Anainywa, anakunja uso, anasema tamu. Nikamwacha. Mtu aliyenuna ni kama maharage, usimkoroge, mwache aive."

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kinanda hakuweza kuguna.

Mguno wa mfinyanzi haukuandikwa popote. Mwigizaji wa filamu ya asili aliguna kwa namna yake, naye Mzee Besi akautupa huo akaweka wa kwake, mfupi, wa puani, unaopanda kidogo mwishoni, kama mtu anayekubaliana na chai. Wote studio waliupenda. Ila sasa Kinanda alitakiwa kuutoa vilevile, la sivyo watazamaji wasingejua kwamba ni mfinyanzi karudi, na filamu nzima ingegeuka hadithi ya kizee aliyempa mgeni chai.

Kinanda aliguna kama mwenye jino bovu. Akaguna kama mlango. Mzee Besi alikaa kwenye benchi akimsikiliza, na kwa mara ya kwanza mwezi huo alionekana ana raha.

"Mfundishe, mzee," fundi sauti alimwomba.

"Kila ndege huruka kwa ubawa wake," alijibu. "Ninyi chukueni mguno wangu mkaubandike pale."

Walijaribu. Mtawa kijana wa kwenye runinga akafumbua mdomo, ukatoka mguno wa kifua cha miaka sitini. Fundi sauti alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema jambo lililomnyima mzee usingizi.

"Miguno miwili lazima ifanane. Usipomfundisha, nitampa Kinanda sehemu zote mbili. Kijana anaweza kuiga uzee. Wewe huwezi kuiga ujana."

Yaani mfinyanzi angekufa kwa sauti ya Kinanda. Mzee Besi angetolewa katika filamu, mwanzo hadi mwisho, na mkewe angekuwa mke wa Kinanda kabla ya kifo na baada ya kifo.

"Kweli, hapo niliogopa," anakiri. "Nikasema, kumbe naweza kunyang'anywa hata kufa kwangu."

Siku hiyohiyo alifika mtawa wa Kibudha kutoka hekalu moja la jijini, mtu mnene mwenye kandambili miguuni, aliyeitwa asikilize kama Kiswahili kinaitendea haki dini yake. Alitazama onyesho la kikombe, akaomba lirudiwe.

"Filamu nyingi zinatuonyesha kana kwamba roho ni mpangaji anayehama nyumba," alisema. "Anatoka kwa huyu, anaingia kwa yule na vyombo vyake vyote. Sisi hatufundishi hivyo. Hakuna kitu kimoja kisichobadilika kinachohama. Matendo ya mtu na mazoea yake huzaa mengine, na hayo huzaa mengine. Kijana huyu si mfinyanzi. Lakini si mtu baki kwa mfinyanzi."

Mzee Besi alisogeza kiti. "Kwa hiyo huo mguno…"

"Ni mazoea. Mazoea yana miguu."

"Na wivu, mheshimiwa? Nao husafiri?"

Mtawa alimtazama kwa muda, labda alikwisha kumjua. "Wivu?" alisema. "Huo ndio unaowahi siti ya dirishani."

Studio nzima iliangua kicheko. Mzee Besi naye alicheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Watu walipokwenda kula, alibaki na fundi sauti, akamwomba kitu kimoja: asikie alichokisikia mkewe siku ile. Alitaka aijue hiyo sauti ya sabuni ilisema nini hata mke wa mtu akatetemeka.

Fundi sauti alimvisha hedifoni, akabonyeza.

Kikasikika kikombe kikiwekwa mezani. Kisha mguno mfupi, wa puani, unaopanda kidogo mwishoni. Ulikuwa wake mwenyewe.

"Wa Kinanda haukufaa," fundi sauti alimweleza. "Mkeo aliusikia mara moja akavua hedifoni. Akasema, 'Huyu simjui, siwezi kumwambia amekawia. Niwekee wa mzee wangu.' Nikauchukua kule mwanzoni, kabla hujafa."

Mzee Besi alirudia kusikiliza. Fundi sauti anasema alivua hedifoni, akavaa viatu, akasahau kwamba alikuwa na zamu, akaenda nyumbani.

"Alikuja kapigwa na butwaa," anasema mkewe. "Akasimama mlangoni. Nikamwambia umechelewa. Akaniambia, 'Kwa nini hukuniambia?' Nikamwambia, wewe uliniuliza? Ulinuna! Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi kidogo. Miaka mingi hajanionea wivu. Nilidhani umekwisha kama meno yake."

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Mzee Besi alikunywa chai ya mkewe, akaguna, kisha akapata wivu mpya.

"Nikafikiri," anasema. "Yule anayetetemekewa ni mfinyanzi, yaani marehemu. Mimi niliye hai bado nadaiwa kodi. Sasa ikabidi nimwonee wivu na maiti."

Hata hivyo kesho yake alimpigia simu Kinanda. Hakumwita studio. Alimwita nyumbani.

Ni nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, yenye redio za majirani zilizofunguliwa matumbo kila mahali. Mwandishi alikuwepo. Kinanda aliketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama aliyekuja kuposa.

"Usigune," Mzee Besi alimwagiza. "Kosa lako ni hilo, unaguna. Mimi siguni. Mimi naletewa chai. Umewahi kuletewa chai bila kuomba?"

Kinanda alifikiri. "Naishi peke yangu, mzee. Chai nakunywa kibandani, nalipa kwanza."

Uso wa Mzee Besi ulibadilika, na kwa mara ya kwanza alimtazama kijana huyo machoni. Kisha akaita jikoni, "Mama, mletee huyu mtoto chai."

Mkewe alileta, akaiweka mezani bila neno, akarudi jikoni. Alikuwa ameimimina katika kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, na kikombe hicho, kila aingiaye nyumba hii anajua, ni cha Mzee Besi. Mzee alikitazama, akameza mate, akakaa kimya. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kufa mara tano.

Kinanda aliinua kikombe. Mvuke ulimpanda usoni. Na kabla ya funda la kwanza, bila kujua, akaguna.

Ulikuwa mfupi, wa puani, ukapanda kidogo mwishoni.

Jikoni maji yalikuwa yakimwagika bombani. Mkewe, mgongo kwetu, mikono ndani ya beseni, aliitikia bila kugeuka.

"Sukari imetosha, mume wangu?"

Kinanda aliganda na kikombe chake mdomoni. Mzee Besi alikuwa amesimama katikati ya sebule, hajagusa chai yoyote, na macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Imetosha," alisema hatimaye.

Mguno wa Kinanda ulirekodiwa asubuhi iliyofuata, ukakubaliwa mara ya kwanza. Mzee Besi ndiye aliyemshikia hedifoni. Filamu itaanza kuonyeshwa mwisho wa mwezi huu, na jina la Mzee Besi limebaki palepale, sauti ya mfinyanzi, mpaka anapokufa.

Je, wivu umekwisha?

"Wee! Uishe uende wapi?" anasema, akivaa soksi kwa ajili ya filamu nyingine, ambamo amepewa kuwa jaji. "Kijana sasa anakuja kila Jumapili, na mama anamwekea vitumbua viwili, mimi kimoja, eti nina sukari."

Mipango anayo. Anataka kufungua darasa dogo la sauti pale sebuleni, wanafunzi waletewe chai kwanza ndipo wafundishwe. Dini yake, anasema, haimfundishi kwamba atarudi, wala haombi arudi.

"Lakini ikitokea wale ndugu wa milimani ndio waliokuwa na ukweli," anaongeza, akiinama kwenye maiki kuipima, "basi mimi sihitaji kurudi mfalme. Nirudi popote. Nitakwenda nyumba hadi nyumba nikiomba chai, na nitaguna, mpaka mmoja aniambie nimekawia."

Anageuka kuangalia mlango kama umefungwa, kisha anashusha sauti.

"Na nikifika nisimkute Kinanda amekaa."