Bandama kwa Ujira wa Kunoa

Watu walimwita Kinoo, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mnoa visu. Baiskeli yake ilifungwa jiwe nyuma ya tandiko. Akiisimamisha na kukanyaga pedali, jiwe lilizunguka likitoa cheche. Aliishi vyumba viwili na binti yake, muuguzi, pamoja na mbwa majike wawili, Watasema na Wachoke. Majina hayo aliwapa makusudi, ili kila akiwaita majirani wapate salamu zao.

Mbwa hao walikula nyama mbichi. Si minofu, minofu hata yeye aliinusa kwa jirani tu. Kwa miaka ishirini na sita alimnolea muuza nyama wa mtaani visu vyake, naye muuza nyama akamjazia ndoo: mapafu, bandama, koromeo, vipande vya moyo, na mfupa mmoja wenye nyama yake. Walipeana mkono siku ya kwanza, yakaisha. Siku hizi watu wawili hawawezi kuazimana ngazi bila kutiliana saini. Kila pafu Kinoo alilipasua akalitazama ndani. Akikuta kipovu cha maji, maficho ya minyoo ya tegu, hata kimoja, pafu zima lilifukiwa shimoni, mkaguzi awe amegonga muhuri au hajagonga. Hayo aliyasoma katika kitabu cha mifugo kisicho na jalada, akayashika kuliko waliosomea.

Muuza nyama akafa. Mwanawe akarithi duka, akaleta msumeno wa umeme na visu vya bei rahisi ambavyo vikiwa butu hutupwa.

"Mzee, mapafu na bandama sasa kuna kampuni inachukua yote," kijana alimwambia, macho kwenye simu. "Mifupa ipo. Beba hata gunia."

Kinoo alibeba gunia. Nyumbani hakusema neno. Siku kumi na moja mbwa walitafuna mifupa mitupu, na ya kumi na mbili Watasema alichuchumaa nyuma ya nyumba, akajikamua, akatoa vipande vyeupe vikavu kama chaki. Kisha akalia.

Binti alitoka mbio. "Baba, nilisema mimi! Nyama mbichi, nyama mbichi, haya! Keshokutwa anakuja yule wa kampuni ya ulinzi anayetafuta mbwa, awachukue wote wawili. Kwao wanakula chakula cha mfuko."

"Biskuti."

"Kina vitamini zote."

"Hata boksi ukiliandika vitamini litakuwa nazo."

"Mbwa analia, Baba!"

Kinoo aliketi kwenye kizingiti. "Nyama haina kosa. Kosa ni langu. Nimewalisha mifupa tu, kama najenga ukuta tumboni mwao."

"Na ndoo yako ya siku zote?"

"Hakuna ndoo. Duka halina kazi na mimi tena."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningeanzaje? Ningesema nini, kwamba baba yako ametupwa pamoja na visu?"

Binti alichuchumaa akampapasa Watasema. Kinoo akasimama. "Nipe siku hizo mbili. Asipopona, kamba nitawafunga mwenyewe."

Asubuhi aliendesha baiskeli mpaka machinjioni, nyuma ya ukuta ambako akina mama husafisha matumbo ya ng'ombe. Walipomwona wakacheka.

"Babu, hilo jiwe la visu au la kusagia meno?"

"Lete kisu kwanza, mama, halafu ucheke vizuri."

Aliyetania alimpa kisu chake. Kinoo alikanyaga, akageuza, akakipoza kwa maji, akakirudisha. Mama akakigusisha kwenye tumbo la ng'ombe, likafunguka lenyewe. Kicheko kikakatika. Wengine wakaanza kupanga foleni.

"Tukulipe nini, babu?"

"Bandama, na mapafu yanayowabakia. Na kipande cha tumbo ambacho hamjakiosha."

"Hatujakiosha?"

"Nina mbwa, mama. Sina mgeni."

Siku hizo mbili hakutoa mfupa hata mmoja. Aliikatakata bandama vipande vidogo vidogo, akachanganya na tumbo, akaweka maji mengi.

Mtu wa kampuni ya ulinzi alifika mapema, kizimba nyuma ya gari. Kinoo alimzuia langoni. "Ngoja kwanza mgonjwa aende haja."

"Mzee, mimi nina kazi."

"Na yeye ana kazi. Ngoja."

Watasema alizunguka, akachuchumaa, akainuka bila sauti. Kinoo akaita, "Mwanangu, njoo uone!"

Binti alikuja na sare yake nyeupe, akainama kama anayesoma majibu ya maabara. Choo kilikuwa cheusi, kimeshikana, hakina hata chembe ya chaki.

"Huyu mzima," alisema, kisha akamgeukia mwenye gari. "Samahani, kaka. Hawaendi."

"Mngesema kabla sijaja!"

"Katafute wa kula biskuti," Kinoo alimjibu. "Wamejaa mjini, na wengine wanatembea kwa miguu miwili."

"Baba!" binti alikemea, lakini alikuwa akicheka. Kisha akaacha. "Siku nyingine ukikosa, uniambie."

Kinoo alipanda baiskeli. "Nitakuambia," alisema. "Sasa nipisheni, akina mama wananisubiri."